Shangazi, nilifumba macho kuombea chakula afu nikadanganya eti nawaza mtihani

Shikamoo shangazi, pole na majukumu. Mimi ni binti wa miaka 26, kwetu ni Uyole, Mbeya ila kwa sasa niko Xi'an, China, mwaka wa pili wa mastazi. Naomba usitaje jina langu wala chuo manake Watanzania wa hapa tunajuana wote, ukipiga chafya hosteli ya wasichana mtu wa hosteli ya wavulana anakwambia pole.

Wakati naondoka nyumbani kanisani walinifanyia ibada ya kuniaga, mchungaji na wazee wakaniwekea mikono, wakatangaza kwamba kanisa letu sasa lina mmisionari China, vigelegele vikapigwa. Na kusema ukweli tiketi ya ndege walinichangia wao maana skolashipu yangu ilikuwa inalipa ada, hosteli na posho tu. Mimi nilikuja kusoma mambo ya maji lakini siku ile nisingeweza kusimama nikasema jamani mi naenda shule tu, ungeanzia wapi na mama amekaa benchi la mbele na kitenge kipya analia kwa furaha.

Sasa kila mwisho wa mwezi katibu wa kikundi cha maombi ananiandikia WhatsApp, ambayo huku haifunguki mpaka VPN na siku zingine VPN yenyewe inagoma siku tatu na mimi moyoni nashukuru (nisamehe shangazi). Ananiuliza "mtumishi, shamba linaendeleaje, umevuna roho ngapi". Mwaka wa kwanza wote nilikuwa najibu tuombeane, tuombeane, manake mimi mwenyewe nilikuwa napigana na kichina, na baridi, na kuzoea kwamba hata uumwe nini dawa ya kwanza utaambiwa kunywa maji ya moto.

Mwaka huu nikapata rafiki. Nimwite Xiao Li, sio jina lake. Tuko maabara moja, yeye ananisaidia kichina mimi namsaidia kiingereza, mtu mpole sana, ndo alinifundisha kununua vitu Taobao, lile duka la mtandaoni la huku, na ndo alinipeleka hospitali nilipotegua mguu. Anajiandaa na mtihani wa kuajiriwa serikalini, analala saa nane usiku kila siku masikini.

Siku moja tuko kantini tunakula liangpi, zile tambi baridi za huku, mimi kama kawaida yangu nikainamisha kichwa nikafumba macho nikaombea chakula kimoyomoyo. Nafungua macho namkuta ananiangalia. Akaniuliza "ni zai gan ma", yani unafanya nini. Shangazi sijui nini kilinipata. Nilikumbuka kaka mmoja wa nchi nyingine ya Afrika ambaye alikuwa anagawa vipeperushi vya injili pale getini kwenye metro, akaitwa ofisi ya wanafunzi wa kigeni mara moja, mara mbili, ya tatu tukasikia kibali chake cha makazi hakiongezwi, akarudi kwao na amebakiza semesta moja. Nikajikuta nasema "wo zai xiang kaoshi", nawaza mtihani. Yeye akacheka, akasema kumbe, mi nikajua unafanya kama bibi yangu, bibi yangu kule kijijini Henan kabla ya kula anafanya hivohivo na ukutani ana kalenda nyekundu kubwa yenye msalaba. Basi tukaendelea kula lakini mimi liangpi ilinishinda. Nikakumbuka Petro na jogoo. Usiku nililia.

Haijaisha. Wiki tatu baadae bibi yake akaumwa, akaja chumbani kwangu macho mekundu akaniambia najua ulinidanganya, sina shida, ila kama wewe ni wa ile ya bibi basi muombee. Nikasema sawa nitamuombea, afu nikabaki nimekaa, sikumuombea palepale, nikamtengenezea chai. Na ameanza kuuliza kama anaweza kuja kwenye ushirika wetu. Jumapili jioni tunakutana Waafrika kumi na kitu kwenye chumba cha mwenzetu, tunaimba chinichini na tunaweka taulo chini ya mlango sauti isitoke. Pia ameniuliza Biblia ya kichina anaipata wapi.

Kosa langu kubwa ni hili. Kwa furaha, na labda kwa sababu nilikuwa nimechoka kuulizwa nimevuna ngapi, nikatuma kwenye grupu la maombi picha yangu na Xiao Li tuko hotpot, nikaandika muombeeni dada huyu Bwana ameanza kazi, na jina lake la kweli nikaliweka. Juzi binamu yangu kanitumia skrinshoti, katibu ameiposti kwenye ukurasa wa kanisa Facebook, jina la chuo lipo, na maneno makubwa TUNDA LETU LA KWANZA CHINA. Watu zaidi ya mia wameandika amina.

Shangazi nikae kimya nimalize shule nirudi? Nikikaa kimya si ndo namkana Yesu? Nikisema, je wakinirudisha na ile tiketi ya michango ya watu? Nashindwa hata kusoma.

Halafu swali dogo, nasikia wewe uliishi Guangzhou, unga wa ugali mlikuwa mnapata wapi? Nimechoka na tambi.

Binti wa Uyole

*

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza kama shangazi na mara ya pili kama mtu aliyeishi Xiaobei, mtaa wa Guangzhou, miaka sita na mume anayefanya kago, na hiyo ya pili ndo ilinitoa jasho.

Kabla hujaendelea kusoma weka hii barua kando, ingia WhatsApp, VPN ikigoma mpigie mama kawaida hata kama ni gharama, na ile picha ITOKE Facebook leo hii. Sio kesho baada ya ibada ya katikati ya wiki. Itoke kwenye ukurasa wa kanisa, itoke kwenye grupu, na umwambie katibu kwa heshima lakini bila kuzungukazunguka kwamba jina la dada wa watu lisitajwe tena hata kwenye maombi ya kipaza sauti. Akikuuliza kwani kuna nini mwambie shangazi kasema kuna kazi ya mtu hapo.

Nikueleze kwa nini nimeanzia hapo. Wewe barua nzima unaogopa kibali chako, tiketi yako, shule yako. Nakuelewa, na ni kweli mgeni akikutwa na kosa zito anaweza kufukuzwa nchini na akifukuzwa rasmi harudi miaka 10, sheria yao ya uhamiaji inasema hivyo. Lakini mbaya kabisa itakayokupata wewe mwanangu ni kupanda ndege ukashuka Songwe mama anakusubiri. Yeye Xiao Li hana ndege ya kupanda. Umeandika mwenyewe, ukapita kama vile si kitu, kwamba anajiandaa na mtihani wa serikali. Hao wakishafaulu mtihani wa karatasi wanachunguzwa historia yao ya kisiasa, na kazi nyingi nzuri zinataka mwanachama wa Chama cha Kikomunisti, na mwanachama haruhusiwi kuwa na dini, yoyote ile. Umewahi kumuuliza kama ana kadi? Ana mwalimu wake mlezi, yule wanamwita fudaoyuan, ambaye kazi yake ni kujua mambo ya kila mwanafunzi. Sasa wewe umemtangazia tunda la kwanza na hata kuiva hajaiva, hata kuchanua sijui kama amechanua, mtoto wa watu kauliza swali tu!

Sisemi hivi kukuumiza. Nasema kwa sababu na mimi nilifanya. Guangzhou tulikuwa na ushirika wetu wa Waafrika kwenye ghorofa moja, watu wa kago, wanafunzi, mama mmoja mpishi, tunasifu kama tuko nyumbani. Nikamwalika dada mmoja wa stoo tulikokuwa tunapakia mizigo, mimi huyo najiona Paulo. Jumapili ya tatu polisi wakaja kukagua. Sisi wakaangalia pasipoti wakatuambia tutawanyike, yakaisha, jioni tukaenda kula. Yule dada wakachukua kitambulisho chake, wakaandika, wakaongea nae pembeni kwa muda mrefu. Mwezi haukuisha akaacha kazi, namba yake ya WeChat, ile WhatsApp ya Wachina, ikafa. Sikumuona tena mpaka narudi Dar. Ni miaka mingi sasa na bado nikisikia mtu anasimulia ushuhuda wa kishujaa wa China nakumbuka uso wake akiwa amekaa kwenye kile kiti cha plastiki.

Kwa hiyo jibu la Xiao Li kuja kwenye ushirika wenu wa taulo ni hapana. Hata ushirika wa wageni wenye kibali kabisa, kama ule mkubwa wa Beijing, wanaangalia pasipoti mlangoni na raia wa China hawaingii, na si kwamba wana roho mbaya. Hilo taulo lenyewe nalo sijui, kama mnahitaji taulo basi mnajua. Kanuni zao za wageni, zilizofanywa upya na kuanza tarehe 1 Mei 2025, zinataka wageni waabudu kwenye maeneo yaliyosajiliwa au sehemu iliyoombewa kibali, na zinakataza mgeni kuwahubiria na kuwavuta raia na kugawa vitabu na vipeperushi. Yule kaka wa metro alifanya lile hasa linaloandikwa. Mtandaoni ni kubaya zaidi, toka tarehe 1 Machi 2022 mambo ya dini kwenye intaneti yanataka leseni na mgeni hapewi, kwa hiyo usije ukamtumia mahubiri kwenye WeChat ukadhani ni siri yenu wawili. Kwenye WeChat ongea mambo ya maabara na bei ya viatu.

Ila sikiliza vizuri hapa. Hakuna mahali umekatazwa kuwa Mkristo. Biblia yako ya kusoma mwenyewe unaruhusiwa kuwa nayo, kwenda kanisani unaruhusiwa, kuombea liangpi yako unaruhusiwa. Ulipoulizwa unafanya nini, jibu la "naomba, mimi ni Mkristo" lilikuwa la maneno matatu manne na lisingekufukuzisha nchi. Umeniuliza kama kukaa kimya ni kumkana Yesu. Mimi naona hukukaa kimya, ulidanganya, ndo maana kinakuuma, na hapo mimi sikutetei. Kukaa kimya hakujawahi kumliza mtu usiku.

Petro unayemkumbuka na jogoo wake ni huyohuyo ambaye uzeeni aliandika kwamba tuwe tayari kumjibu kila anayetuuliza habari ya tumaini letu, na tujibu kwa upole. Anayetuuliza. Xiao Li aliuliza kantini, akauliza tena chumbani kwako, mara ya pili akaja na machozi. Wewe hukumtafuta kwenye metro na karatasi. Sasa mtu akija na swali lake mwenyewe, mko wawili, unamjibu ukweli wa maisha yako kama unavyomweleza kwa nini Wanyakyusa tunapenda ndizi (mimi pia ni wa huko, Tukuyu, ulidhani nani angejibu barua ya Uyole kwa urefu huu), na akisha kuridhika unaacha. Humalizii na sala ya toba kwenye korido. Yeye ndo anajua anaweza kubeba kiasi gani na lini, yeye ndo ataishi na majibu hayo pale. Kasi iwe yake.

Sasa rudi kwenye barua yako uisome tena pale kwenye bibi. Umeandika mstari mmoja ukakimbilia jogoo! Bibi wa Henan anayeinamisha kichwa kabla ya kula, mwenye kalenda nyekundu ya msalaba ukutani. Mwanangu, Henan ni moja ya mikoa inayojulikana kwa Wakristo wengi China nzima, hasa vijijini, hasa kina mama wazee kama huyo. Huyo bibi ukihesabu umri wake kuna uwezekano mkubwa alikuwepo wakati wa Mapinduzi ya Utamaduni, 1966 mpaka 1976, makanisa yote yamefungwa na Biblia zinachomwa. Sijui yeye aliamini lini, labda juzi labda utotoni. Ila huyo mjukuu amekua anaona macho yakifumbwa juu ya bakuli la tambi toka mtoto. Wewe ulidhani unapanda mbegu ya kwanza, kumbe alikuwa anakulinganisha. Alikuona kantini akasema moyoni, huyu mweusi kutoka mbali anafanya kama bibi.

Kwa hiyo ukiniuliza ufanye nini, naona swali la kwanza ni kumwomba akusimulie habari za bibi. Aliaminije, anasali wapi, anaimba nini, kijijini kwao kuna kanisa? Atakwambia mambo ambayo hata yeye alikuwa hajayafikiria. Na mwambie ampigie bibi amuulize yeye, bibi anayeumwa akiulizwa na mjukuu wake msomi kuhusu Yesu atapona nusu siku hiyohiyo. Bibi anamjibu kwa kichina cha kwao, hana kibali cha kupoteza, na hakuna ofisi inayoweza kusema bibi ametumwa na wageni. Na hilo la wageni ni jambo kubwa kule kuliko tunavyodhani, katiba yao kifungu cha 36 inasema mambo ya dini yasitawaliwe na nguvu za nje, wana historia mbaya na wazungu walioingia na injili mkono mmoja na mizinga ya meli mkono mwingine karne ya 19. Usiibebe historia ambayo si yako.

Biblia ya kichina usimnunulie wewe, wala usiombe mtu akuletee sanduku kutoka Hong Kong, nakujua ulishafikiria. Biblia China si marufuku. Toka 2018 zilitolewa kwenye maduka ya mtandaoni, na madukani ya kawaida huzikuti, ila kwenye kanisa lililosajiliwa kuna kiduka cha vitabu, raia anaingia ananunua kwa hela ndogo. Zinachapwa palepale Nanjing kwenye kiwanda cha Amity, kilianza 1987 na kufika 2019 walishapita nakala milioni 200, na nyingine wanauza nje mpaka Afrika. Hebu geuza ya kwako uangalie nyuma imechapwa wapi, usije ukakuta umebeba maji kupeleka Ziwa Nyasa.

Najua utasema shangazi hayo ni makanisa ya serikali, nyumbani walituambia si ya kweli. Na mimi niliambiwa. Wapo Wachina wanaokataa kusajiliwa kwa dhamiri zao na wanalipa kwa hilo, mchungaji Wang Yi wa Chengdu alihukumiwa miaka 9 mwezi Desemba 2019, siwezi kukaa Dar na feni yangu nikawasema vibaya. Lakini pia nimekaa kwenye makanisa yaliyosajiliwa. Guangzhou nilikuwa naenda mara nyingine hata kwa Wakatoliki, kanisa kuu la mawe lile la Shishi, lilijengwa toka 1863 mpaka 1888, mchana wa Jumapili kuna misa ya kiingereza Waafrika wamejaa mpaka nje. Na kwenye ibada za Kiprotestanti za kichina nimekaa katikati ya vibibi vyenye miwani vinafuata mstari kwa kidole, siambulii neno zaidi ya Yesu na amina na haleluya, na nimelia pale kuliko nilivyolia kwenye kongamano lolote. Nenda Jumapili moja. Nenda mwenyewe kwanza. Xiao Li akitaka kwenda ataenda kwa miguu yake, na yuko zaidi ya miaka 18 hakuna wa kumzuia mlangoni, ila ile habari ya kadi ya chama aifikirie mwenyewe, wewe usimsukume hata kidogo.

Na kuna sehemu moja mwende pamoja bila hofu yoyote, jumba la makumbusho la Beilin hapo Xi'an karibu na ukuta wa mji, msitu wa mawe yaliyochongwa maandishi. Kuna jiwe moja refu lilisimamishwa mwaka 781, juu lina msalaba umekaa kwenye ua la yungiyungi, linaeleza kwa kichina jinsi mtu anayeitwa Alopen alivyofika mji huohuo, enzi hizo unaitwa Chang'an, mwaka 635, na mfalme wa Tang akampokea na kuruhusu mafundisho yake. Lilifukiwa ardhini karne nyingi likafukuliwa miaka ya 1620. Mwaka 635! Lete hesabu za Uyole hapo. Mungu hakufika Xi'an kwenye begi lako la kilo 23, alishafika wakati mababu zetu hawajui hata kama kuna nchi inaitwa hivyo. Mimi niliposimama mbele ya lile jiwe (tulienda likizo, mume wangu akawa anataka wanajeshi wa udongo tu) kuna kitu kilinitoka mabegani. Naomba na wewe kikutoke.

Tuje kwa katibu na mavuno yake. Hapa nitasema wazi, kanisa lenu lilikukosea kidogo. Walikupenda, wakakuchangia, hilo halisahauliki. Ila visa yako ni ya masomo, na kumtangaza mwanafunzi kuwa mmisionari bila kumuuliza ni kumpa nguo ya mtu mwingine halafu unamlaumu haimkai. Mwandikie mchungaji, sio katibu, barua yenye adabu zote. Mshukuru kwa tiketi. Mwambie hutatuma tena ripoti za roho wala majina wala picha, kwa ajili ya usalama wa watu, na kwamba utakuwa unawapa habari za masomo na afya yako na mahitaji yako ya maombi. Kama anapenda historia mkumbushe Robert Morrison, Mprotestanti wa kwanza kwenda kufanya umisheni China, alifika Guangzhou 1807 na Mchina wa kwanza kumbatiza ilikuwa 1814. Miaka 7. Na mwaka 1809 ilibidi aajiriwe ukalimani na kampuni ya biashara ya Waingereza ndo apate uhalali wa kukaa. Mpaka anakufa 1834 aliobatiza walikuwa wachache mno, ila Biblia ya kichina iliachwa mezani. Angekuwa na katibu wa kumuuliza kila tarehe 30 umevuna ngapi sijui kama angefika hata mwaka wa tatu.

Mchungaji akikasirika? Atakasirika, atapoa. Mama yako mpigie kabla, asije akasikia kwa watu.

Na tiketi usiifanye deni linalokunyima usingizi. Walichangia mtoto wao aende shule. Maliza hayo mambo ya maji, Mbeya kuna vijiji vingapi kina mama wanabeba ndoo, huko ndo utawarudishia.

Limebaki la maombi ya bibi. Ulimwambia utamuombea, je ulimuombea? Maana hujaandika. Kama hujamuombea funga hii barua umuombee, afu kesho mwambie Xiao Li nimemuombea bibi, anaendeleaje? Na hapohapo umwombe msamaha wa siku ile, yeye ameshakuambia anajua, kwa hiyo kazi ngumu ameshaifanya yeye.

Ugali sasa, nimeuacha mwisho makusudi. Taobao tafuta yumimian, ni unga wa mahindi, ila wa kawaida ni wa njano na unakuwa mtamumtamu hivi kama uji wa mtoto. Andika bai yumimian, bai ni nyeupe, chagua uliosagwa laini, hautakuwa sembe ya nyumbani lakini ukiusonga vizuri utafumba macho wenyewe. Mboga kuanzia joto likianza, Mei Juni, nenda soko la wazee asubuhi sio supamaketi, uliza xiancai. Usishangae ukiuona, ni mchicha, mchicha huuhuu, mwingine una wekundu katikati ya jani, ukiupika maji yanakuwa ya pinki usiogope. Nyanya na vitunguu vimejaa, karanga saga mwenyewe.

Ukishapata vyote mkaribishe Xiao Li chumbani, aandikishe jina lake pale chini mapokezi kama mgeni wa kawaida, mmekuja kula tu. Weka mezani, mnawe mikono, na uombee chakula kwa sauti, kwa Kiswahili, kama mama anavyoomba Uyole, umtaje na bibi wa Henan kwa jina. Akikuuliza umesema nini mtafsirie. Asipouliza mpakulie, na vijiti aviweke pembeni umfundishe kumega kwa mkono.